Siagi, sungura na Mei Mosi: dhana potofu kuhusu uchawi wa Ayalandi

Dhana: Ayalandi ilichoma wachawi kwa wingi.

Ukweli: Kesi zinazojulikana ni chache mno. Petronilla wa Meath alichomwa Kilkenny tarehe 3 Novemba 1324, mwajiri wake Alice Kyteler, aliyeshtakiwa uchawi, akiwa ameshatoroka. Mwaka 1711, wanawake wanane wa Islandmagee walifungwa mwaka mmoja. Sheria ya uchawi ilifutwa 1821.

Dhana: Bridget Cleary ndiye mchawi wa mwisho kuchomwa huko.

Ukweli: Hili linaniuma kila ninapolisoma. Bridget hakushtakiwa kwa uchawi. Alikuwa fundi cherehani wa Ballyvadlea, Tipperary. Alipougua, mumewe Michael alidai kwamba mkewe halisi amechukuliwa na viumbe wasioonekana, na aliyelala kitandani ni mwingine aliyeachwa mahali pake. Machi 1895 akamchoma moto nyumbani kwao. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kumwita Bridget mchawi ni kumdhulumu mara ya pili.

Dhana: Hofu ya kuibiwa siagi kwa uchawi ilikuwa upuuzi wa washamba.

Ukweli: Siagi ndiyo iliyolipa kodi ya shamba. Ikikosekana, familia ilikuwa hatarini kufukuzwa. Mei Mosi ndipo msimu wa maziwa mengi ulipoanza, na hofu nayo ikapanda. Iliaminika kwamba jirani mwenye husuda anaweza kuburuta kitambaa kwenye umande wa malisho yako alfajiri, au ajigeuze sungura na kuwanyonya ng'ombe wako. Ukisukasuka maziwa, povu tupu. Kwa hiyo siku hiyo moto, maziwa wala chumvi havikutoka nyumbani. Mgeni aliyekuta watu wakisukasuka alipaswa kuwabariki na kushika mchi mwenyewe, la sivyo angeshukiwa yeye.

Siagi kweli iligoma mara nyingi: malai yakiwa baridi au moto kupita kiasi, vyombo vikiwa vichafu, ng'ombe akikaribia kukauka maziwa. Lakini lawama zilimwangukia kikongwe aliyekuja kuomba kaa la moto, kwa sababu tu jiko lake lilikuwa limezimika.

Dhana: Ijumaa ni nuksi kwa kila kazi.

Ukweli: Ijumaa Kuu wakulima wengi walipanda mbegu kidogo, ili mavuno yapate baraka. Siku iliyoogopwa ni 11 Novemba, ya Mtakatifu Martin: gurudumu lolote halikuzungushwa, liwe la kinu au la kusokotea uzi.