TDDFT: programu yako haina kosa

Wiki hii nimeletewa tena faili la matokeo ya TDDFT, nadharia ya msongamano wa elektroni inayotegemea wakati, ambayo hutumika kukokotoa nishati za msisimko, na kuambiwa programu ina hitilafu. Molekuli ina upande unaotoa elektroni na upande unaoipokea, na nishati ya msisimko imetoka chini mno kuliko kipimo cha maabara. Walikuwa wameshauriana waongeze beisi, yaani seti ya funksheni za kujengea obitali. Wameongeza, kompyuta ikafanya kazi siku mbili, nishati ikabaki palepale.

Elektroni ikihamia mbali, nishati ya kweli hukaribia I − A − 1/R: I ni nishati ya kung'oa elektroni upande unaoitoa, A ni nishati inayopatikana upande wa pili ukiipokea, R ni umbali kati ya pande hizo, na 1/R ni mvuto kati yake na tundu ililoacha. Sasa angalia mlinganyo wa Casida wa 1995, ambao programu za TDDFT huutatua kupata misisimko. Katika LDA au PBE, ambazo ni fankshenali, yaani kanuni za kukadiria nishati kutokana na msongamano wa elektroni, kila kipengele cha kuunganisha kinatokana na kuzidisha obitali iliyojaa kwa obitali tupu. Zisipopishana, zao ni sifuri. Inabaki tofauti ya nishati za obitali tu, 1/R imepotea, na beisi haiwezi kuirudisha. Mbadilishano wa Hartree-Fock huzidisha iliyojaa kwa iliyojaa na tupu kwa tupu, na zao hizo hazifi kwa umbali. Fankshenali ya B3LYP ina asilimia 20 ya mbadilishano huo, kwa hiyo inarudisha 0.2/R. CAM-B3LYP hufika 65 kwa masafa marefu, LC-ωPBE hufika 100. Dreuw, Weisman na Head-Gordon walilieleza jambo hili mwaka 2003! Nawasihi, choreni kwanza obitali mbili zinazohusika. Zikikaa pande tofauti, badilisheni fankshenali, beisi iacheni.

Wengine husema pengo la HOMO (obitali iliyojaa ya juu kabisa) na LUMO (obitali tupu ya chini kabisa) ndiyo nishati ya msisimko. Hapana, kiini, yaani kile kinachozaa vipengele vya kuunganisha, kipo kwa ajili ya kulirekebisha.

Wengine hunitajia uthibitisho wa Runge na Gross wa 1984, eti TDDFT ni kamili. Uthibitisho ni kamili. Programu zetu hutumia ukadiriaji wa adiabatiki, usiokumbuka msongamano wa nyuma, na misisimko ya elektroni mbili kwa pamoja haionekani humo kabisa.

Tamm-Dancoff, ukadiriaji unaoacha sehemu moja ya mlinganyo wa Casida, nayo hudharauliwa bure, ilhali kwa tripleti (misisimko yenye spini mbili za mwelekeo mmoja) mara nyingi ndiyo salama zaidi.

Na wewe unayeandika programu, usijenge matriki nzima ukidhani ni lazima. Obitali 100 zilizojaa na 900 tupu ni jozi 90,000, na matriki A ya mlinganyo wa Casida (si ile A ya juu) peke yake hula GB 65 hivi. Mbinu ya Davidson, inayotafuta misisimko michache ya chini tu, hutaka zao la matriki na vekta tu. Matriki nzima ijenge kwa molekuli ya maji, mara moja, ulinganishe majibu.