Moyo umetulia, shingo je? Maswali kuhusu amiodaroni na goita

Baba amepewa Cordarone kwa sababu moyo wake unapiga ovyo. Majirani hapa Kadutu, Bukavu, wanasema inaharibu shingo. Ni kweli?

Hawako mbali na ukweli. Cordarone ni jina la dukani la amiodaroni. Dawa hiyo inaweza kuvuruga thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo, ile inayovimba mtu akipata goita. Lakini wengi huinywa miaka na tezi yao ikabaki salama.

Dawa ya moyo na tezi vinakutana wapi?

Kwenye iodini. Zaidi ya theluthi ya uzito wa amiodaroni ni iodini, na thairoidi hutengeneza homoni zake kwa madini hayo hayo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 hivi kwa siku. Kidonge kimoja cha miligramu 200 huachia mwilini kama miligramu 6 za iodini, yaani mara 40 ya mahitaji. Tezi moja ikifurikwa hivyo hufunga kazi na kushindwa kuirudia. Nyingine hutengeneza homoni bila kipimo. Tena dawa yenyewe huweza kuchubua tezi mpaka homoni zilizokuwa akiba zikamwagika kwenye damu.

Mbona munganga alimuuliza kama aliwahi kuwa na goita?

Huyo anaijua Kivu. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilivuta watafiti tangu miaka ya 1960 kwa wingi wa goita: iodini ilikuwa haba, na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huingiza mwilini kitu kinachoizuia tezi kuipata hata hiyo kidogo. Tezi iliyoishi na njaa hiyo huota vinundu vinavyofanya kazi bila kungoja amri. Vipe iodini nyingi ghafla, navyo havishibi. Chumvi yenye iodini ilipoenea huku miaka ya 1990, baadhi ya watu wenye goita za zamani walizidiwa na homoni kwa sababu hiyo. (Msiitupe chumvi hiyo, ndiyo inayolinda akili za watoto.) Basi goita ya ujana, hata iliyonywea, itajwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Tutaonaje kama tezi imeguswa?

Ikilegea: uchovu, baridi wakati wengine wanatoa jasho, choo kigumu, unene usio na sababu, uzito wa mawazo. Familia husema "ni uzee" na mambo yanaishia hapo. Ikizidi: kukonda huku anakula, jasho, mikono kutetemeka. Kuna hila moja: amiodaroni hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo dalili hizi zinaweza kufichika, na ishara ya kwanza ikawa moyo uliokuwa umetulia kuanza tena vurugu. Anayekunywa pia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akiona fizi zinatoka damu, aende siku hiyo hiyo.

Kipimo gani kinatakiwa?

TSH, yaani homoni inayoiamuru thairoidi kufanya kazi, kwa damu ya mkononi: kabla ya kuanza, kisha kila miezi 6. Miezi 3 ya mwanzo TSH hupanda kidogo hata tezi ikiwa nzima, kwa hiyo jibu la mapema lisiwatie hofu.

Si bora aache vidonge tu?

Asithubutu peke yake. Moyo unaweza kumrudia vibaya, na tena kuacha hakuondoi dawa: hujificha kwenye mafuta ya mwili kwa miezi. Ndiyo maana TSH hupimwa hata mwaka mzima baada ya kuacha. Tezi ikilegea, huongezewa levothiroksini, homoni ya thairoidi ya vidonge, na amiodaroni ikaendelea. Ikizidi, hapo ni kazi ya wanganga wenyewe, wa moyo na wa homoni, na haingoji wiki ijayo.

Tumnyime sombe (majani ya muhogo) na chumvi?

Sombe ale, mradi imetwangwa na kuiva vizuri. Iodini ya chumvi ya siku nzima haifikii hata sehemu ya ishirini ya ile ya kidonge. Akipunguziwa chumvi, ni kwa ajili ya presha.