Kiti ni Sehemu ya Mchezaji: Kuanzisha Kikapu cha Viti Mwendo Mtaani

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu hapa Dar es Salaam kilipokea viti mwendo kumi na viwili vya michezo kutoka kwa mfadhili wa ng'ambo ambaye sitamtaja, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema. Vilikuwa viti vizuri vya alumini, na vyote vilikuwa na upana mmoja wa kukalia, sentimita 46. Mchezaji wetu mmoja, fundi seremala mwenye mabega mapana, alienea humo sawasawa. Binti wa miaka kumi mwenye mgongo wazi, yaani aliyezaliwa uti wa mgongo wake haujafunga, ambaye nilimpima nyonga kwa utepe wa fundi cherehani nikapata sentimita 27, alikaa humo kama kijiko ndani ya ndoo. Alipojaribu kugeuka, kiwiliwili kiligeuka na kiti kikabaki pale pale. Baada ya miezi minane ni viti vitano tu vilivyokuwa bado vinaingia uwanjani, na vingine vilikuwa vimeegemezwa ukutani stoo, matairi yakiwa hayana upepo.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia kwa taaluma na kocha kwa mapenzi. Kanuni za mpira wa kikapu wa viti mwendo zinakihesabu kiti kuwa sehemu ya mchezaji: kiti changu kikikugonga isivyo halali, nimekugonga mimi, na faulo ni yangu. Waandaaji wengi huichukua kanuni hiyo kama jambo la refa peke yake. Kwangu imekuwa kipimo cha kuendeshea programu nzima, kwa sababu ukikubali kwamba kiti ni sehemu ya mwili, huwezi tena kuagiza viti kumi na viwili vya upana mmoja, kama vile usivyoweza kununulia darasa zima viatu vya namba moja.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, uwanja ni ule ule wa mita 28 kwa 15 na ringi iko pale pale, mita 3.05 kutoka chini. Mchezaji akiushika mpira anaruhusiwa kusukuma magurudumu mara mbili, kisha adunde, atoe pasi au arushe. Msukumo wa tatu bila kudunda ni kosa. Kuinua makalio kutoka kwenye kiti ili kupata urefu ni faulo. Mchezo ulianzia kwa askari wa Marekani waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ulikuwamo katika michezo ya Paralimpiki ya kwanza iliyofanyika Roma mwaka 1960.

Kinachoutofautisha hasa ni pointi. Kila mchezaji hupangiwa pointi kuanzia 1.0 hadi 4.5, zikipanda kwa nusu nusu, kwa kuangalia ni kwa kiasi gani anaweza kuutawala mwili wake akiwa ndani ya kiti, hususan kiwiliwili. Asiyeweza kuinama mbele na kurudi bila kujivuta kwa mikono yumo kwenye 1.0, aliyekatwa mguu chini ya goti, ambaye anaegemea pande zote bila shida, hufika 4.5. Jumla ya watano walio uwanjani haitakiwi kuzidi 14, kwa hiyo timu yaweza kuwa 4.5, 4.0, 3.0, 1.5 na 1.0, lakini haiwezi kuwa na watano wenye 4.0. Matokeo yake ni kwamba kocha mwenye uchu wa ushindi humtafuta mwenye 1.0 kwa juhudi ile ile anayomtafutia mfungaji. Tunaye kijana aliyeanguka kutoka kwenye mnazi akapooza kuanzia kifuani. Hafungi, na pasi ndefu hawezi kuidaka. Kazi yake ni kuiwahisha ekseli ya gurudumu lake la nyuma mbele ya kikanyagio cha beki mrefu wa upinzani na kukaa hapo sekunde mbili, na katika sekunde hizo yule beki, hata awe na nguvu za punda, hana pa kupita, huku seremala wetu akiingia chini ya ringi peke yake. Watazamaji humshangilia seremala.

Katika programu ya mtaani sishauri kuanza na upangaji rasmi wa pointi, kwani hiyo ni kazi ya wataalamu waliofunzwa ambao humwangalia mchezaji akiwa anacheza. Kocha akadirie mwenyewe, ayatumie makadirio yake kugawa timu zilizolingana, na awaeleze wachezaji wazi kwamba ni makadirio. Ligi za ndani za Kanada na Ujerumani huwaruhusu hata wasio na ulemavu kuketi kwenye viti na kucheza. Nasi tunawaruhusu kaka na dada wa wachezaji, mmoja kwa kila timu, kwa sharti kwamba hakuna mwenye ulemavu anayesubiri kiti pembeni. Sharti hilo limeniletea lawama zaidi ya moja, na sijalegeza.

Wachezaji wanapatikana wapi? Matangazo kwenye redio na misikitini au makanisani husaidia kidogo. Mfano ninaourejea mara nyingi ni wa Afghanistan, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilikuwa na vituo vya viungo bandia vilivyosimamiwa kwa miaka mingi na Mwitaliano Alberto Cairo, mtaalamu wa fiziotherapia kama mimi. Jess Markt, kocha Mmarekani ambaye mwenyewe hutumia kiti mwendo, alipokwenda kufundisha katika vituo hivyo, hakulazimika kuwatafuta watu majumbani, kwa sababu walikuwa tayari wakipita vituoni kufuata miguu ya bandia na viti, na viwanja vikawekwa pale pale. Hapa kwetu mlango huo ni idara za utengamao za hospitali, kliniki za watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa, na karakana za viti. Mwuguzi mmoja anayewajua wagonjwa wake kwa majina ameniletea wachezaji wengi kuliko bango lolote.

Ukipitisha macho kwenye timu ya watu wazima utaisoma historia ya afya ya nchi. Wenye zaidi ya miaka arobaini wengi wao ni wa polio, na viwiliwili vyao mara nyingi ni imara. Tanzania haijapata mgonjwa wa polio ya virusi pori tangu mwaka 1996, kwa hiyo kundi hilo halitapata warithi, jambo la kushukuru. Vijana ni wa bodaboda, minazi, miembe na majengo yanayoendelea kujengwa, yaani majeraha ya uti wa mgongo, na hao huingia wakiwa na pointi za chini na mioyo iliyovunjika. Watoto ni wa mgongo wazi na mtindio wa ubongo. Ni miili ya aina tatu, na kila mmoja unadai kiti cha namba yake.

Nirudi basi kwenye kiti, maana hapo ndipo programu nyingi zinapofia. Kiti cha michezo hakikunjwi. Magurudumu yake makubwa yamelazwa, juu yakikaribiana na chini yakitanuka, na hiyo ndiyo inayokifanya kigeuke haraka bila kupinduka; nyuma kina gurudumu dogo la kuzuia kuanguka kichalichali, na mbele kina bomba la kinga ambalo kanuni hulitaka liwe sentimita 11 kutoka sakafuni, ili viti vigongane bomba kwa bomba, si bomba kwa kifundo cha mguu. Sehemu ya kukalia haitakiwi kuzidi sentimita 63 kwenda juu kwa wenye pointi 1.0 hadi 3.0, na sentimita 58 kwa wenye 3.5 na zaidi. Upana uwe wa nyonga za mchezaji, bila nafasi ya kuingiza kiganja. Mahali ambapo kiti ni kipana na hakuna kingine, jaza ubavuni kwa sponji ngumu ya godoro iliyoshonewa kitambaa, kisha funga mkanda kiunoni na mwingine juu ya magoti. Kwa yule binti wa sentimita 27 tulifanya hivyo, na jioni hiyo hiyo kiti kilianza kumtii.

Kama una nafasi ya kuchagua, chukua fremu ya chuma badala ya alumini, ingawa ni nzito zaidi. Chuma kikikatika, fundi yeyote wa kuchomelea barabarani atakiunga kabla ya adhuhuri. Alumini huhitaji mtambo wa gesi ya argoni na mkono uliouzoea, na kwa kukosa hivyo fremu hubaki stoo. Magurudumu nayo yana mtego wake. Tairi la inchi 24 la baiskeli ya kawaida haliingii kwenye rimu ya inchi 24 ya kiti, kwa sababu la baiskeli lina kipenyo cha ndani cha milimita 507 na la kiti milimita 540. Tulipoteza fedha kabla fundi baiskeli wetu hajatuonyesha namba hizo zilizochapwa ubavuni mwa tairi. Rimu ya inchi 25 ya kiti, kinyume na inavyodhaniwa, ni ya milimita 559, sawasawa na baiskeli za milimani za inchi 26 ambazo tyubu zake zimejaa madukani. Tangu siku hiyo, anayetaka kutusaidia tunamwomba magurudumu ya inchi 25. Huyo fundi baiskeli tunamlipa kila mwezi, kabla hata ya kumlipa kocha, na anakuja na spoki, beringi na pampu yake. Anayetaka fundi mwenye ujuzi wa juu zaidi, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, hufundisha teknolojia ya viti mwendo.

Watoto huanza na mpira namba 5 na ringi iliyoshushwa hadi karibu mita 2.6. Pasipo na ringi ya kushusha, tairi lililotundikwa ukutani linatosha kwa miezi ya mwanzo. Kabla ya mpira, hata hivyo, nawafundisha kuanguka: kidevu kifuani, mikono isitangulie, kisha kujigeuza na kusimamisha kiti, kwa msaada au bila msaada. Mama mmoja alikuwa amembeba mwanawe mgongoni hadi akafikisha miaka minane, na siku ya kwanza aliposikia zoezi hilo aliniambia, "Mwalimu, huyu hajawahi kuanguka." Nilimjibu, "Najua, mama, ndiyo maana tumetandika magodoro." Mtoto alianguka mara tano, mara tatu kati ya hizo kwa makusudi. Tuna kanuni moja kwa wazazi, kwamba mkono wa mzazi usiguse kiti ndani ya mistari, na kwa wengi wao ndiyo ngumu kuliko kanuni zote za mchezo.

Watoto na watu wazima tunawaleta siku moja, ila hawachezi mechi pamoja, maana kiti cha mtu mzima kikiwa kasi kinaweza kuvunja mguu wa mtoto ambao hata maumivu yake hausikii. Wanachoshiriki ni nusu saa ya mwanzo ya kupasha misuli moto na kurusha pasi. Kijana wa mnazi niliyemtaja ndiye anayewafundisha watoto namna ya kujihamisha kutoka kiti cha kila siku kwenda kwenye kiti cha michezo, na wanamsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi mwenye miguu.

Kuna mambo ya afya ambayo kocha asipoyajua ni hatari. Aliyejeruhiwa uti wa mgongo sehemu ya juu hatoi jasho chini ya jeraha, na kwa joto la Dar es Salaam mwili wake huchemka huku ngozi ikiwa kavu; ndiyo sababu tunaanza saa moja asubuhi, tuna chupa ya kumpulizia maji usoni na shingoni, na tunaondoka uwanjani kabla ya saa tatu. Mwenye jeraha katika pingili ya sita ya kifua au juu ya hapo akilalamika ghafla kichwa kinauma sana, na uso umeiva, usimlaze: mketishe wima, legeza mikanda yote, na angalia kama kibofu kimejaa au mpira wa mkojo (katheta) umejikunja, kwa sababu shinikizo la damu limepanda. Asipopata nafuu mara moja, ni hospitali. Vidonda vya mgandamizo huja kimyakimya, kwa hiyo baada ya mazoezi kila asiyehisi makalio hukaguliwa kwa kioo cha mkono, na doa jekundu lisilofifia linamtoa uwanjani hadi lifutike. Watoto wa mgongo wazi wengi hutolewa mkojo kwa mpira kila baada ya saa tatu au nne, na baadhi yao wana mzio wa mpira asilia, kwa hiyo glavu na mipira ya mkojo iwe isiyo ya lateksi. Mabega nayo yaonewe huruma, kwani ndiyo yanayompeleka mtu sokoni na chooni. Sizidishi mazoezi matatu kwa wiki.

Choo chenyewe kimetuhamisha uwanja mara moja. Kiti cha michezo, kwa vile magurudumu yametanuka, kwa chini hukaribia sentimita 80 au huzidi, na mlango wa choo cha kawaida haukipitishi. Inabidi kila mchezaji awe na kiti chake cha kila siku pembeni, jambo linaloleta swali la usafiri, ambalo ndilo linalokula fedha zetu kuliko kitu kingine chochote. Vituo vya Mwendokasi vina jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, lakini ukishuka kuingia mitaani unakutana na daladala ambalo konda wake atakwambia, "Mzee, hilo dude linalipiwa siti mbili," na siku nyingine halisimami kabisa. Suluhisho letu ni bajaji tatu za madereva wanaotufahamu, kwa malipo ya mwezi, na viti vya michezo hulala stoo ya uwanjani, wala havisafiri.

Kila baada ya miezi sita nachukua tena utepe wa cherehani na daftari. Juma lililopita nyonga za yule binti zilikuwa zimefika sentimita 31. Sponji ya upande wa kushoto tumeitoa, ya kulia tumeipunguza, na kipande kilichobaki kimekwenda kwa mvulana wa miaka saba aliyeanza mwezi huu, ambaye bado anakaa kama kijiko ndani ya ndoo.