Hela ni ndogo, meno yanaoza, na unatumia dawa za akili: pa kuanzia

Mgonjwa wa sonona, baipola au skizofrenia mwenye kipato kidogo huja kwa daktari wa meno kwa sababu ya jino moja linalouma, huku mengine manne au matano yakioza taratibu bila kumsumbua. Pesa yote aliyonayo inamalizikia kwenye lile moja. Miezi michache baadaye la pili linaanza, na safari hii mfuko umeshakauka. Mimi ni daktari wa meno, na naamini kwamba wengi wa wagonjwa hawa wanapoteza meno kwa sababu matibabu yalianza upande usio sahihi: jino likajengwa kwa gharama kubwa kabla ya kuoza kwenyewe kusimamishwa.

Chanzo mara nyingi ni mate. Mate hupunguza asidi inayotengenezwa na bakteria kila unapokula sukari, kisha hurudisha kalsiamu na fosfeti kwenye jino. Asidi ikifikia pH 5.5 au chini zaidi (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi ni kali zaidi), madini ya jino huanza kuyeyuka. Mwenye mate ya kutosha hutoka kwenye hatari hiyo baada ya nusu saa hivi; mwenye kinywa kikavu hukaa humo muda mrefu zaidi, na akinywa kitu chenye sukari tena kabla hajatoka, hesabu inaanza upya. Amitriptilini, klopromazini, olanzapini na kwetiapini hukausha kinywa. Benzheksoli, ile inayotolewa kuzuia mtetemeko na kukakamaa kwa misuli, hukausha vibaya sana. Dalili za kinywa kikavu ni hizi: ulimi unanata kwenye kaakaa, chakula kikavu hakishuki bila maji, na meno yanaoza shingoni, pale yanapokutana na fizi, au pembezoni mwa sehemu zilizozibwa zamani.

Kinachoharibu zaidi ni namna watu wanavyojitibu ukavu huo: soda inayonywewa kidogokidogo mchana kutwa, chai ya sukari, peremende ya kulowesha ulimi. Badala yake shika chupa ya maji na utafune bazoka isiyo na sukari, ikiwezekana yenye zailitoli, kiongeza utamu kisichoozesha meno. Kama unatumia lithiamu, usijinyime maji. Kiu hiyo inatokana na dawa, na mwili ukikosa maji kiwango cha lithiamu kwenye damu hupanda.

Usiache dawa ya akili ili kuokoa meno. Mwulize aliyekuandikia maswali matatu: je, dozi inaweza kupunguzwa, je, kuna dawa nyingine isiyokausha sana, na je, benzheksoli bado naihitaji? Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu dawa hiyo hupewa mtu wakati fulani, hali ikatulia, na ikaendelea kuandikwa miaka na miaka bila mtu kuuliza. Uamuzi ni wa daktari wa akili, na kama ataitoa, ataipunguza polepole.

Nyumbani, kitu chenye thamani kuliko vyote ni dawa ya kawaida ya meno yenye floraidi. Soma tyubu: kwa mtu mzima tafuta kati ya 1,350 na 1,500 ppm, yaani sehemu za floraidi kwa kila milioni. Piga mswaki, tema povu, na usisukutue kwa maji, maana maji huondoa floraidi ile ile uliyoilipia. Usiku ndio muhimu zaidi, kwa kuwa mate hupungua sana ukiwa usingizini. Kama kinywa ni kikavu na meno yanaendelea kuoza, mwombe daktari wa meno akuandikie ile ya 5,000 ppm pale inapopatikana. Ni ghali kidogo, lakini bado ni rahisi kuliko kuziba jino.

Zipo siku sonona imekubana na kusimama mbele ya sinki ni mlima. Siku hizo weka mswaki kando ya kitanda, usugue meno bila maji na bila dawa ukiwa umejilaza, kisha upake dawa kidogo kwa kidole pembezoni mwa fizi na kulala nayo. Mara moja kwa siku, saa yoyote, ni bora kuliko kungoja nguvu ya kufanya mara mbili. Kama ladha ya mnanaa au povu vinakukera, tafuta isiyo na povu au isiyo na ladha, mradi floraidi imo. Na kwa anayetapika kwa sababu ya tatizo la ulaji: usipige mswaki papo hapo, sukutua kwa glasi ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea, usubiri nusu saa au zaidi.

Kliniki, mpangilio uwe hivi. Kwanza maumivu na usaha. Pili, kusimamisha kuoza kwenye meno yote kwa mkupuo mmoja. Mambo ya kujenga, yaani kofia za meno (vifuniko vya jino zima) na meno ya bandia, yangoje mpaka kinywa kikae miezi kadhaa bila tundu jipya.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa, ilhali ndiyo rahisi. Kuna dawa ya maji iitwayo silva diamini floraidi, yaani SDF, kwa kawaida yenye nguvu ya asilimia 38. Jino hukaushwa, daktari huchovya kiburashi na kusugua tundu kwa takriban dakika moja, basi. Hakuna sindano, hakuna mashine, na tone moja hutosha meno kadhaa. Madini ya fedha yaliyomo huua bakteria, floraidi hukaza sehemu iliyolainika. Hurudiwa kila miezi 6. Kasoro yake lazima uijue mapema: sehemu iliyooza hubaki nyeusi daima. Kwenye gego hakuna anayeiona, kwenye meno ya mbele ni lazima ukubali kwanza. Haifai kwa jino lililokwisha kuvimba usaha au linalouma lenyewe usiku, wala kwa mwenye mzio wa madini ya fedha.

Matundu yanayofikika yanaweza kukwanguliwa kwa vifaa vya mkono na kuzibwa kwa saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma, mbinu iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na leo hutumika duniani kote. Saruji hiyo hushikana na jino na kutoa floraidi kidogokidogo. Shirika la Afya Duniani liliiweka glasi ayonoma, SDF na dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, kwa hiyo ukiziulizia huombi kitu cha ajabu wala tiba ya daraja la pili.

Kabla ya kufungua kinywa, sema kiasi cha fedha ulicho nacho. Omba mpango ulioandikwa, kila jino na gharama yake, na njia mbadala iliyo nafuu. Kliniki za vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno hutoza kidogo. Utakaa kwenye kiti muda mrefu, lakini kila hatua inakaguliwa na mwalimu. Barua ya daktari wa akili inayosema kinywa kimekauka kwa sababu ya dawa inaweza kusaidia bima au ofisa ustawi wa jamii kuhesabu matibabu hayo kama sehemu ya ugonjwa wako. Chagua saa ambayo dawa haikulazi. Kukosa miadi mara mbili kunaweza kukugharimu nafasi yenyewe.

Tahadhari moja ya pesa: usianze matibabu ya mzizi, yaani kusafisha na kuziba mifereji iliyo ndani ya jino, kama huwezi kuyamaliza. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja na mara nyingi linaweza kuzibwa tu baadaye. Gego lina mifereji mitatu au minne na kwa kawaida huhitaji kofia. Likiachwa na kizibo cha muda, mate hupenya, jino hupasuka, na unapoteza jino pamoja na fedha. Kama kofia iko nje ya uwezo wako, kung'oa gego hilo na kutumia fedha iliyobaki kusimamisha kuoza kwa mengine ni uamuzi wa busara.

Nenda na orodha ya dawa zako zote, pamoja na sindano za mwezi. Ukitumia lithiamu, epuka dawa za maumivu za ibuprofeni na diklofenaki, kwani zinaweza kupandisha lithiamu mpaka kuwa sumu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi. Antibaotiki ya metronidazoli nayo inaweza kupandisha lithiamu. Erithromaisini, antibaotiki nyingine, hupandisha kabamazepini na klozapini. Tramadoli, dawa ya maumivu makali, haipatani na fluoksetini wala setralini: inaweza kuleta degedege. Valproeti inaweza kupunguza chembe za kugandisha damu, hivyo pima damu kabla ya kung'oa meno mengi. Anayetumia amitriptilini aseme kabla ya ganzi, ili daktari apunguze adrenalini iliyomo.

Antibaotiki peke yake haiponyi jino lenye usaha. Uvimbe hushuka, kisha hurudi, kwa sababu chanzo kimo ndani ya jino na lazima lifunguliwe au ling'olewe. Lakini uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukashindwa kumeza mate, kinywa kikagoma kufunguka au ukapata homa, usitafute kliniki ya bei nafuu wala usingoje miadi: nenda hospitali usiku huo huo. Na anayetumia klozapini akipata homa na vidonda mdomoni au kooni apimwe chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo, hata kama jino haliumi.