Wabima wa Indonesia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitafuta habari za Wabima, watu wa mashariki ya kisiwa cha Sumbawa nchini Indonesia, utakutana na aya zilezile mbili tatu zinazonakiliwa kila mahali: Waislamu wa jina, waoga wa mizimu, wavuvi, wanawake wao hufungiwa ndani. Aya hizo zinaudhi, kwa sababu watu hawa wamekuwa wakiandika habari zao wenyewe tangu karne ya 17, na maandishi hayo yapo.

"Wabima na Wasumbawa ni walewale"

Kisiwa ni kimoja, watu ni mbalimbali. Magharibi wako Wasamawa, ndio hao Wasumbawa, ambao lugha yao iko karibu na Kisasak cha Lombok, kisiwa jirani. Mashariki, kuanzia Dompu hadi bandari ya Sape, ndiko kwa Dou Mbojo, kama Wabima wanavyojiita, na lugha zao hazielewani.

"Jina Bima ni la Mahabharata, basi ni Wahindu"

Simulizi za ikulu zilidai kwamba wafalme wa kwanza walitokana na Bima, shujaa wa Mahabharata, utenzi mkubwa wa Kihindu, na michongo ya miambani huko Wadu Pa'a, kando ya ghuba ya Bima, ni ushahidi kwamba Uhindu na Ubudha viliwahi kufika. Lakini Bima ni nchi ya Waislamu tangu karne ya 17.

"Uislamu wao ni wa juujuu"

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Uislamu ulishika mizizi Bima kwa njia ya Makassar, bandari ya kisiwa cha Sulawesi. Katika vita vya kugombea kiti, mwanamfalme La Kai alikimbia, akasilimu, akarudi akisaidiwa na majeshi ya Gowa, usultani wa huko Makassar, akatawala kwa jina la Sultani Abdul Kahir. Tarehe 5 Julai 1640 ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kuwa siku ya Bima. Usultani huo ulidumu miaka mia tatu na zaidi. Sultani wa mwisho kutawala, Muhammad Salahuddin, alifariki 1951. Shughuli za ikulu ziliandikwa kwa Kimalayu kwa herufi za Kiarabu katika vitabu viitwavyo Bo. Binti yake sultani huyo, Siti Maryam, alishirikiana na mtaalamu Mfaransa Henri Chambert-Loir kuvihariri, na kazi yao ikachapishwa 1999.

Elimu ya dini nayo haikuwa ya kuazima tu. Katika karne ya 19 Sheikh Abdul Ghani wa Bima alikuwa akifundisha Makka, na miongoni mwa waliosoma kwake ni Nawawi al-Bantani, yule aliyeandika sharhe ya Safinatun-Najaa, kitabu kidogo cha fiqhi. Waliopitia madrasa zetu za Lamu, Mombasa na Unguja wanaijua Safina tangu utotoni. Wabima ni Mashafii, na mnyororo wa masheikh wao unapita karibu na wetu kuliko wengi wanavyodhani.

Tazama pia Hanta Ua Pua, sherehe inayofanyika mwezi wa Maulidi kukumbuka kuja kwa Uislamu. Wanaume 44 hubeba mabegani jukwaa lenye umbo la nyumba, Uma Lige, kutoka Kampung Melayu, mtaa wa wajukuu wa walimu wa Kimalayu, hadi ikulu. Ndani yake wamo wazee wa Kimalayu pamoja na wachezaji ngoma, na hupelekwa msahafu na maua 99 kwa idadi ya majina ya Mwenyezi Mungu. Atakayeliita tambiko la mizimu hajauliza kilichomo ndani ya jukwaa.

Mizimu je? Wapo Wabima wanaoheshimu chemchemi na miti yenye wenyewe, na wapo wanaokwenda kwa sando, yaani mganga. Mwambao wetu nao una waganga na mibuyu inayoogopwa, na hakuna anayethubutu kusema Wapemba si Waislamu. Tena Wabima wenyewe wanajadiliana juu ya mambo haya: wafuasi wa Muhammadiyah, jumuiya ya Kiislamu ya Indonesia yenye mwelekeo wa kurekebisha desturi, wanazipinga baadhi ya dua za karamu na desturi za Maulidi, wengine wanazitetea kwa hoja za fiqhi. Watu wasiojali dini hawabishani hivyo.

"Rimpu ni kifungo cha wanawake"

Rimpu ni vazi la sarong mbili, moja ya kichwani na moja ya kiunoni, kama doti ya kanga inavyogawanywa huku kwetu. Msichana alivaa rimpu mpida, macho tu yanaonekana. Mwanamke aliyeolewa alivaa rimpu colo, uso wazi. Kwa vazi hilo walikwenda sokoni na shambani. Tena nguo yenyewe, tembe nggoli, waliifuma wao kwa mikono, mfumaji akiwa ameketi chini na kitanzi cha mgongoni kikivuta nyuzi. Mapambo yake ni maua na maumbo ya pembe, kama nggusu waru yenye pembe nane. Sura za watu na wanyama huepukwa kwa sababu ya dini. Ufumaji uliingiza fedha nyumbani. Leo wengi huvaa hijabu za kawaida, na rimpu huonekana zaidi kwenye gwaride na sherehe.

"Watu wa kisiwani, basi ni wavuvi"

Wengi wao ni wakulima. Mpunga hulimwa mabondeni, na vitunguu vyekundu vya Bima husafirishwa hadi visiwa vingine. Uvuvi wa bahari kuu umeshikwa zaidi na Wabajo na Wabugi, makabila ya mabaharia waliohamia pwani. Huko Wawo, ghala za mpunga ziitwazo uma lengge, zenye paa refu la nyasi juu ya nguzo nne, zimejengwa pamoja mbali na nyumba, ili jiko likishika moto chakula cha mwaka kisiteketee.

Siku hizi mahindi yamepanda hadi vilimani, na miti imekatwa kuyapisha. Desemba 2016 mafuriko makubwa yaliukumba mji wa Bima, na wakazi wengi waliyahusisha na vilima vilivyobaki vitupu.

Na yale "maziwa ya farasi mwitu" yanayouzwa kote Indonesia? Farasi wale wana wenyewe. Huachiwa tu wajichungie vilimani.

"Wadonggo wa mlimani ni wapagani"

Wadonggo, walioko milimani magharibi ya ghuba, walichelewa kuingia dini kubwa, lakini katika karne ya 20 wengi wamesilimu na wengine wamekuwa Wakristo. Katika kijiji cha Mbawa Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti huishi ukoo mmoja, hata majina ya ndugu yakachanganyika. Wote pia hushiriki Raju, desturi ya kukinga mazao na wadudu kabla ya msimu. Waitwao wapagani ni hao hao wanaokwenda, wengine msikitini Ijumaa, wengine kanisani Jumapili.