Zile namba 8.6.8.6 kwenye kitabu cha nyimbo maana yake nini

Jumamosi mazoezi ya kwaya hapa Malindi kijana mmoja akaniuliza hizi 8.6.8.6 zilizoandikwa juu ya noti ni za nini, yeye alidhani ni mistari ya Biblia. Hiyo ni mizani, yaani hesabu ya silabi kila mstari: wa kwanza nane, wa pili sita, nane tena, sita tena. Ukizijua unaweza kuchukua maneno ya wimbo huu ukayaimba kwa tuni ya ule, mradi namba zilingane.

Nimetunga ubeti tuhesabu pamoja:

Bwana, mashua yavuja,
upepo wavuma,
nishike mkono naja,
nisirudi nyuma.

Bwa-na-ma-shu-a-ya-vu-ja, nane. Mstari wa tatu wengi hupata saba manake wanaimeza ile m ya mkono, na ile m ni silabi kamili ina noti yake. Vina vinapishana: ja, ma, ja, ma.

Sasa watu huchanganya, nyimbo hizi za kanisani tunaziita tenzi lakini si utenzi kama wa Lamu. Utenzi, mfano ule wa mshairi Mwana Kupona wa 1858, kila kipande ni mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja halafu cha nne kinabeba kina kilekile toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Wimbo wa kanisani haudai hayo, vina hubadilika kila ubeti na ukiwa umetafsiriwa mara nyingi havipo kabisa, kinachoubana ni tuni.

Na tuni ndio inayonisumbua kila Jumapili. Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, NYU-ma, lakini tuni nyingi za namba hizi zilitengenezewa Kiingereza na nguvu zinaangukia silabi ya mwisho, basi tunaimba nyu-MAA, hata Bwana anageuka bwa-NA. Nyimbo zilizotungwa kwa Kiswahili toka mwanzo, na tuni yake, mdomo hauhangaiki hivyo, natamani kwaya zetu zitunge zaidi.

Halafu kuna sitiari, mashua na upepo pale juu si za baharini, ni maisha ya anayeomba. Waebrania 6:19 inaliita tumaini nanga ya roho, na mtu wa pwani haelezwi hilo, ameshaona dau limetulia, kamba imekaza, nanga yenyewe iko chini haionekani.