Pikipiki ya Kwanza ya Kijana: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mzazi wa Tanga anayetaka kumnunulia kijana wake pikipiki ya kujifunzia hushauriwa na kila mtu achukue ya cc 150 moja kwa moja, kwa madai kwamba ile ya cc 100 itamchosha kabla ya mwezi kwisha. Ushauri huo umeenea mno, na mimi nauona ndio wenye madhara zaidi. Cc ni ujazo wa silinda tu. Haimwambii mnunuzi kiti kina urefu gani, pikipiki ina uzito gani, wala klachi inaachia mapema au kwa kuchelewa, na hayo ndiyo yanayomwangusha anayeanza, aghalabu chombo kikiwa kimesimama au kinatambaa.

Nilimsindikiza mpwa wangu kwenye duka moja pale Ngamiani. Alipanda pikipiki ya cc 150 ikiwa juu ya stendi ya kati, akakaa kama bwana harusi. Iliposhushwa, ncha za vidole vyake tu ndizo zilizogusa sakafu, na alipojaribu kuisogeza nyuma ililala upande wa kushoto, tukaidaka watu wawili. Hapo palikuwa na sakafu ya saruji. Kwenye mchanga wa vichochoro vyetu asingepata hata pa kukanyagia. Kipimo cha kwanza, basi, ni kijana kukaa kitini pikipiki ikiwa chini, nyayo zake zikiwa zimetua vizuri pande zote mbili.

Wapo pia wanaodhani kwamba pikipiki ndogo haiui. Hata ya cc 100 hufika kilomita 80 kwa saa bila taabu, na mwendo unapopanda kutoka 30 hadi 60, nguvu ya mgongano haiwi mara mbili bali mara nne. Kofia ngumu iingizwe katika bei ya pikipiki tangu siku ya kwanza, kwani tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42.

Dhana nyingine, ambayo hata madereva wazoefu huirithisha, ni kwamba breki ya mbele haiguswi kwa sababu itampindua mtu. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake huhamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linaloshika barabara zaidi, na anayetegemea breki ya mguu peke yake huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Kinachomwangusha mtu ni kuifinya kwa ghafla, au kuifinya akiwa kwenye mchanga au amekata kona. Mwanafunzi afundishwe kuzishika zote mbili pamoja, ile ya mkono akiikaza kidogo kidogo.

Kuhusu leseni, wengi hufikiri ni moja kwa pikipiki zote, ilhali ya cc 100 imo katika daraja A1 na ya cc 150 katika daraja A.

Yabaki yale ya mtumba. Husemwa kwamba iliyotoka kwenye bodaboda ni rahisi. Bei ni rahisi kweli, lakini kabla ya kutoa fedha gurudumu la nyuma lizungushwe polepole kwa mkono: cheni ikilegea mahali pamoja na kukaza mahali pengine, imekwisha, na huku kwetu upepo wa bahari huzila cheni zisizotiwa oili.